Binti yangu anaiogopa sindano ya ganzi: jino litatibiwaje bila kumtesa?

"Assalamu alaykum, daktari. Sisi tunaishi Wete, Pemba. Binti yangu ana miaka 7 na uzito wa kilo 20. Gego lake la chini, upande wa kulia, limetoboka, na mwezi uliopita ufizi wake ulivimba ukatoa usaha. Tulimpeleka akang'olewe. Alishikwa na watu watatu, akadungwa sindano ya ganzi mara tatu, na bado alipiga kelele kwamba anaumia, mpaka daktari akaacha, akatupa dawa za kumeza. Tangu siku ile akimwona mtu aliyevaa koti jeupe hujificha. Mama yake hawezi hata kuingia naye chumbani. Bibi yake anasema tumpake mafuta ya karafuu ufizi mzima kabla ya kwenda, jirani anasema tuombe nusu kaputi, na mimi nachelea kwamba ganzi nyingi itamdhuru ubongo. Je, ipo njia ya kumtia ganzi mtoto bila maumivu, au tuliache jino litoke lenyewe?"

Waalaykumu salaam, ndugu yangu, na pole kwa yaliyompata binti yako.

Ndani ya swali lako mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja ambayo inafaa yafunguliwe: maumivu na hofu. Mtoto wako aliumia kweli na aliogopa kweli, lakini maumivu yana dawa yake na hofu ina dawa yake, na ya kwanza haitibu ya pili. Mtoto aliyejaa hofu ataendelea kulia hata baada ya ganzi kumshika sawasawa. Na mtoto ambaye ganzi haijamshika, ukimbembeleza kwa maneno matamu kwamba hakuna kinachouma, utakuwa umempoteza, kwa sababu mara nyingine hatakuamini.

Nianze na lile swali la kwa nini alidungwa mara tatu na bado akaumia. Watu husema mtoto mwoga ganzi haimshiki, au kwamba alikuwa akideka tu. Mimi sidhani kuwa binti yako alidanganya. Dawa ya ganzi tunayoitumia zaidi, lidokaini, huziba vijilango vidogo sana vilivyomo kwenye utando wa neva, ambavyo chembe za sodiamu hupitia ili habari ya maumivu iweze kusafiri hadi kwenye ubongo. Ili dawa ivifikie vijilango hivyo, lazima kwanza ipenye utando wenyewe. Sasa, mahali palipovimba na kutunga usaha huwa pana tindikali zaidi kuliko sehemu nyingine za mwili, na katika tindikali hiyo sehemu kubwa ya dawa hugeuka ikawa katika umbo lisiloweza kupenya. Dawa imeingia, lakini haikufika inakotakiwa. Tena neva iliyokwisha kuchokozwa na uvimbe huwa nyepesi kupeleka habari ya maumivu hata kwa jambo dogo. Kwa hiyo daktari aliyeacha siku ile hakukosea. Lililobaki ni kurudi wakati uvimbe umetulia, na kuiweka ganzi mbali kidogo na pale palipokuwa na usaha, kwenye shina la neva huko nyuma ya taya, ambako tishu zake ni nzima.

Lipo na jambo la pili ambalo nadra kuelezwa. Ganzi huondoa maumivu, wala haiondoi hisia ya kusukumwa. Neva zinazopeleka habari ya mkandamizo ni nene na hukawia kushikwa na dawa, kwa hiyo mtoto anayeng'olewa jino huku ganzi imemkolea vizuri bado atahisi taya linasukumwa na atasikia mlio ndani ya sikio. Mtoto wa miaka 7 hana maneno mawili tofauti ya kusema hayo. Yote kwake ni "inauma". Mfundishe nyumbani. Mbonyeze ukucha kwa kidole chako umwambie, "Huku ni kusukuma," kisha umfinye kidogo sana mkononi umwambie, "Huku ni kuuma." Mkubaliane kwamba kwa daktari akihisi kuuma atainua mkono wa kushoto, na daktari atasimama. Mwambie daktari habari ya mkono huo kabla hajaanza, na mwombe auheshimu, kwa maana mkono ukiinuliwa mara moja ukapuuzwa, hofu itarudi na kuzidi ile ya awali.

Sasa nije kwenye sindano yenyewe. Siwezi kukuahidi sindano isiyouma kabisa, na anayekuahidi hivyo hakusaidii. Lakini sehemu kubwa ya maumivu ya sindano ya ganzi haitoki kwenye ncha yake. Hutoka kwenye dawa inayolazimishwa kuingia kwa nguvu mahali pembamba, ikaitanua nyama kwa ghafla. Hutoka kwenye ubaridi wa dawa. Na hutoka kwenye ukali wake, kwa sababu dawa iliyochanganywa na adrenalini huwekwa tindikali ili adrenalini isiharibike. Ndiyo maana sindano ya kwenye kaakaa huuma zaidi kuliko ya upande wa shavu: nyama ya kaakaa imeshikana na mfupa, na dawa haina pa kujitandaza. Katika mambo hayo, lile la kwanza liko mikononi mwa daktari moja kwa moja. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa nikidunga haraka, nikiamini kwamba nawahurumia watoto kwa kuwamalizia upesi. Nilikuwa nawaumiza. Mililita moja ya dawa inafaa ichukue kama dakika nzima kuingia, na mzazi anayetazama ataiona dakika hiyo ni ndefu mno, lakini mtoto huwa hajui hata kwamba sindano imo kinywani.

Kabla ya sindano kuna jeli ya kupaka, ambayo hutia ganzi juu juu, kiasi cha milimita mbili au tatu tu. Inasaidia sana ikitumiwa ipasavyo: ufizi ukaushwe kwa pamba kwanza, maana mate huisukuma jeli kando, kisha iachwe dakika mbili kwa saa. Katika zahanati yenye wagonjwa wengi dakika hizo ndizo hukatwa, jeli ikapakwa na sindano ikafuata papo hapo, na hapo jeli inakuwa haina kazi isipokuwa ladha yake. Daktari anaweza pia kukipasha moto kile kichupa chembamba cha dawa kwa kukishika kiganjani, akauvuta mdomo au shavu mpaka likaze, akalitikisa kidogo wakati ncha inaingia, akatoa tone moja, akangoja, ndipo akaendelea taratibu. Kule kutikisa kuna maana yake. Mwaka 1965 watafiti wawili wa maumivu, Melzack na Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama lango, na habari za mguso na mtikisiko zikilipitia kwa wingi huzizuia zile za maumivu. Ni jambo lile lile tunalolifanya sote tukijigonga goti, mkono ukakimbilia kulisugua.

Baada ya sindano lazima kungoja. Kwa taya la chini dakika tano huwa ni chache. Kumi ni bora. Kisha ganzi ipimwe kabla ya chombo chochote kuingia kinywani: mdomo wa upande ule uwe mzito hadi katikati ya kidevu, na ufizi uguswe kwa chombo butu. Ndugu yangu, najua kwetu ni vigumu mtu kumwuliza daktari maswali, mtu huona atachukuliwa kuwa mjuaji. Uliza kwa adabu, lakini uliza: "Daktari, jeli itakaa dakika ngapi? Utahakikisha vipi kwamba imemshika kabla ya kuanza?" Daktari anayeijali kazi yake hatachukia.

Kuhusu hofu yako ya ubongo. Ganzi ya kawaida ya meno hukaa kwenye neva ilipowekwa, kisha damu huichukua kidogo kidogo na ini huivunja, na haibaki. Madhara huja kipimo kikizidi, na hapo wasiwasi wako una msingi, kwa sababu mwili wa mtoto ni mdogo. Kipimo cha lidokaini ambacho wengi wetu hatukivuki kwa mtoto ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 20 ni miligramu 88. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 chenye dawa ya asilimia 2 kina miligramu 36, kwa hiyo vichupa viwili vizima bado vimo ndani ya mpaka, na vitatu vinauvuka. Kudungwa mara tatu si lazima kuwe ni vichupa vitatu, mara nyingi ni kichupa kimoja au kimoja na nusu kilichogawanywa. Ila mtoto apimwe uzito siku hiyo hiyo, si kukadiriwa kwa macho. Akipewa dawa yenye adrenalini anaweza kusema moyo unamwenda mbio kwa dakika chache, hilo hupita. Mweleze daktari pia kama ana ugonjwa wa moyo, pumu, sikoseli, au kama aliwahi kuambiwa ana upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwa sababu zipo aina za ganzi, kama prilokaini na jeli ya benzokaini, ambazo kwa watoto wa namna hiyo ni bora kuziepuka.

Bibi yake hakutoa ushauri wake hewani. Karafuu ina yujinoli, yaani kile kiini chake kinachotuliza maumivu, na sisi wenyewe huichanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kutuliza jino. Lakini mafuta safi, hasa haya yanayokamuliwa kwetu Pemba kutokana na makonyo na majani, ni makali mno. Yakipakwa ufizi mzima huunguza ngozi laini ya kinywa, na mtoto atafika kwa daktari akiwa na vidonda ambavyo sindano italazimika kuvipitia. Akiyameza, hata vijiko viwili vidogo vinaweza kumharibu ini au kumtia degedege. Chupa ya mafuta hayo iwekwe mahali asipofika. Kama jino linamsumbua usiku, mpe parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 300 kwake, na aspirini usimpe kabisa.

Nusu kaputi ni jambo jingine, na wengi hudhani ni ganzi iliyozidishwa. Sivyo. Ganzi hulilaza jino na mtoto akabaki macho. Nusu kaputi humlaza mtoto mwenyewe, akapumua kwa kusaidiwa, na kwa hiyo inahitaji chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, vipimo, na kufunga chakula kwa saa 6 na maji kwa saa 2. Inafaa kwa mtoto mwenye meno mengi yaliyooza kwa pamoja, au mdogo sana asiyeweza kuelewa, au mwenye ulemavu unaomzuia kutulia. Kwa jino moja la mtoto wa miaka 7 mwenye afya, nisingeanza huko, ingawa ikishindikana kabisa sitaona vibaya kuiomba. Katikati ya hizo mbili kuna gesi ya naitrasi oksidi, ambayo mtoto huivuta kwa pua kupitia kifuniko laini, akalegea na kutulia huku akijibu maswali, na athari yake huisha dakika chache baada ya kuondolewa. Si kila kituo kinayo, kwa hiyo uliza kabla ya kusafiri. Ninalokuomba kwa dhati ni kwamba usimpe nyumbani dawa ya mafua au ya mzio ili asinzie kabla ya kwenda. Mtoto aliyesinziishwa bila mtu wa kumwangalia pumzi anaweza kuacha kupumua njiani, ndani ya gari, na asijulikane.

Ama kuliacha jino litoke lenyewe, hapo sikubaliani nawe. Gego la utotoni la nyuma hutoka kati ya miaka 10 na 12. Ni miaka mitatu au zaidi ya usaha kuja na kwenda, na chini yake kuna jino la kudumu linalojengwa. Vilevile hakikisha kwamba ni gego la utotoni kweli. Gego la kudumu la kwanza huota kwenye miaka 6, nyuma ya mengine yote, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhani ni la utotoni wakaliachia lioze.

Lakini ikiwa sasa hakuna uvimbe, mna kitu ambacho siku ile hamkuwa nacho, nacho ni muda. Utumieni. Mtoto mwenye jino moja lililofika huko mara nyingi ana mengine mawili au matatu yaliyoanza kutoboka, na hayo hayahitaji sindano. Tundu dogo linaweza kusafishwa kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, na kuzibwa kwa saruji ya meno inayotoa floraidi. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika dunia nzima. Au hupakwa dawa ya maji iitwayo silva daiamini floraidi, ambayo husimamisha kuoza na kuliacha jino na doa jeusi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Mwombe daktari aanze na hayo. Siku ya kwanza binti yako akae kitini, ahesabiwe meno, ashike kioo, arudi nyumbani. Siku ya pili apakwe dawa au azibwe tundu dogo. Siku ya tatu ndipo gego lile. Anapofika siku hiyo, kiti kile kinakuwa si mahali alipoteswa tu, bali mahali alipokwishakaa mara mbili akatoka salama. Najua nauli na siku za kazi zinazopotea. Hata hivyo kwa mtoto aliyeshikwa na watu watatu sioni njia fupi iliyo bora kuliko hii.

Nyumbani, kabla ya safari hizo, zungumza naye kuhusu siku ile. Usingoje asahau, hatasahau. Mwambie kwamba uliona alivyoumia, kwamba jipu lilizuia dawa isifanye kazi, na kwamba hakuwa na kosa. Mtoto akisikia baba yake anakiri hivyo, mzigo mkubwa humtoka. Usimwambie "haiumi", na usimwambie "itauma sana, jikaze". Mwambie kwamba daktari atalilaza jino kwa maji maalumu, kwamba atahisi kama kufinywa kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha mdomo utakuwa mzito kama umevimba ingawa haukuvimba. Mweleze siku moja kabla, si wiki nzima, maana wiki ni muda mrefu wa kuogopa. Na tafadhali waombe watu wote wa nyumba, pamoja na jamaa wanaokuja kutembea, waache kabisa kumtisha kwamba akikorofisha atapelekwa kwa daktari akapigwe sindano.

Mpeleke asubuhi, akiwa amelala vya kutosha na amekula. Ganzi ya kawaida haihitaji kufunga. Mtoto mwenye njaa hukosa subira, na baada ya hapo atakaa saa nyingi bila kula vizuri. Kama ni mwezi wa Ramadhani naye amejaribu kufunga kama watoto wenzake, siku hiyo ale. Kuhusu nani aingie naye, aingie yule mwenye moyo uliotulia zaidi. Watoto husoma uso wa mzazi kabla ya kumsikiliza daktari, kwa hiyo kama mama yake hutetemeka, akae nje bila kujilaumu, nawe uingie. Mshike mkono, usizungumze wakati daktari anazungumza, maana sauti mbili humchanganya. Wakati wa sindano avute pumzi ndefu kwa pua, au asome kimoyomoyo sura fupi aliyoihifadhi chuoni, taratibu, aya kwa aya. Pumzi hutulia yenyewe kwa kisomo.

Akigoma siku hiyo, na hakuna uvimbe wala homa, rudini nyumbani mkapange siku nyingine. Kumshika kwa nguvu ili jino moja litoke leo ni kumfundisha kukimbia hospitali kwa miaka mingi.

Jino likishatoka au likishatibiwa, mdomo na ulimi hubaki na ganzi kwa saa mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Muda huo asitafune chochote, wala ubuyu, wala asipewe chai au urojo wa moto, kwa sababu watoto huona ajabu kwamba mdomo hauna hisia, wakautafuna mpaka ukachanika bila kujua. Kesho yake utaona kidonda chenye utando mweupe na mdomo umevimba. Wazazi wengi hudhani ni usaha na wakataka dawa za kuua vijidudu. Si usaha, hupona chenyewe kwa kusukutua maji ya chumvi. Kilicho bora ni kumkalisha karibu nawe na kumkumbusha mpaka hisia irudi.

Haya yote ya kwenda pole pole yanahusu mtoto ambaye jino limetulia. Uvimbe ukirudi ukapanda kuelekea jichoni au ukashuka chini ya taya, akapata homa, akashindwa kufungua kinywa, akadondokwa na mate kwa kushindwa kumeza, au pumzi ikawa nzito, usingoje siku ya miadi wala usimalizie kwanza dawa za nyumbani. Mpeleke saa hiyo hiyo hospitali ya Wete, na wao wataamua kama apelekwe Chake Chake au Abdulla Mzee, Mkoani. Na katika hali hiyo, hata akilia na ikalazimu ashikwe, mshike wewe mwenyewe, umwambie sikioni kinachofanywa na kwa nini.